Binti yangu hawezi kudaka mpira, nisaini fomu atolewe kwenye michezo?

Shikamoo Mwalimu.

Naishi Tabata, nina binti wa miaka minane, yuko darasa la pili shule ya kulipia. Darasani anaenda vizuri, ila hesabu zinamsumbua kidogo. Tatizo ni michezo.

Wana kipindi kimoja kwa wiki, Ijumaa saa saba mchana, nusu saa. Darasa lina watoto arobaini. Mwalimu anawapanga mstari, anasimama mbele na mpira mmoja, anawarushia mmoja mmoja. Ukidaka unarudi nyuma ya mstari, ukikosa unakaa chini. Mwanangu kila wiki yumo katika wa kwanza kukaa chini. Wenzake wanamwambia mikono yake imetoboka. Sasa kila Alhamisi usiku tumbo linamuuma, ikifika Jumamosi limepona. Zahanati wamempima hawakuona kitu.

Nimemwangalia nyumbani. Kaka yake wa miaka kumi na miwili akimrushia mpira, anageuza uso, anafumba macho, anakumbatia hewa. Akirusha yeye, mpira unaangukia miguuni pake. Lakini kamba anaruka vizuri, na kwenye harusi ya shangazi yake alicheza mpaka watu wakamtunza. Mtoto mwenye viungo vya kucheza muziki anashindwaje kudaka? Bibi yake, mama mkwe wangu tunayeishi naye, anasema ni uzembe tu, maana hata kalamu na kijiko alikuwa akishika kwa mkono wa kushoto mpaka alipomrudisha. Baba yake anasema aachwe, atakua.

Wiki hii shule imeleta fomu kwenye grupu la wazazi la WhatsApp: mtoto ambaye mzazi wake ataridhia, kipindi cha michezo kitakuwa cha mazoezi ya hesabu mpaka muhula uishe. Wazazi wengi wameshaandika "naridhia". Mimi nasita. Nikisaini, mtoto atalala vizuri Alhamisi na hesabu zitapanda. Lakini mimi nimekulia Magomeni, nilicheza rede mpaka adhana ya magharibi, kunipiga mpira ilikuwa kazi. Inaniuma kuona mwanangu anaogopa mpira.

Naomba unisaidie. Je, ana ugonjwa? Nisaini? Na nisiposaini nifanye nini, maana anaondoka na basi la shule saa kumi na moja na nusu alfajiri, anarudi saa kumi jioni, mimi nafika saa kumi na mbili, na uwanja wetu ni korido na kipande cha pevingi mbele ya geti. Halafu mwandiko wake mbaya. Ni kweli michezo inanyoosha mwandiko?

Mama mtoto, Tabata

*

Marahaba, mama.

Fomu usisaini. Naanza na hilo kwa sababu naona grupu linakukimbiza, na neno "naridhia" likishaandikwa na watu thelathini humfanya wa thelathini na moja ajione mkorofi.

Michezo imo kwenye mtaala wa Taasisi ya Elimu Tanzania kwa madarasa ya mwanzo. Jina limekuwa likibadilika, wengine mlisoma Haiba na Michezo, baadaye ikaja Michezo na Sanaa, lakini kimebaki kuwa kipindi cha kufundishwa. Kinachofanyika nakijua vizuri, nimefundisha michezo mpaka kustaafu: darasa la saba hakuna mtihani wa kudaka mpira, basi michezo ndicho kipindi cha kwanza kuliwa pakiwa na haraka ya hesabu, ugeni wa mkaguzi au mazoezi ya mahafali. Watafiti wa nchi mbalimbali waliofuatilia shule zilizoongeza muda wa michezo hawakukuta alama za darasani zikishuka, na baadhi walikuta zimepanda kidogo. Hesabu za mwanao mtafutie dakika kumi na tano nyumbani Jumamosi asubuhi. Hazikosi nafasi kwa sababu ya Ijumaa.

Tena tazama siku yake ilivyo. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za kuhangaisha mwili kila siku, za kumfanya ahemee. Mwanao anakaa kwenye basi alfajiri, anakaa darasani, anakaa tena kwenye basi. Nusu saa ya Ijumaa ndiyo unaombwa uitoe.

Ila na mimi sitaitetea nusu saa yenyewe ilivyo, maana kipindi unachokieleza ni kibovu. Mchezo wa "ukikosa kaa chini" unampa mazoezi mtoto anayejua tayari na kumnyima asiyejua. Hebu piga hesabu. Watoto arobaini, mpira mmoja, kila zamu tuseme sekunde kumi na tano: mzunguko mmoja unakula dakika kumi. Hata wakidaka wote, mtoto hodari atadaka mara tatu tu katika kipindi kizima. Wa kwako anapata mara moja, anakosa, anakaa kwenye vumbi kutazama wenzake. Hapo hakuna anayefundishwa kitu, ni kupimwa tu, kila wiki, mbele ya watu. Tumbo la Alhamisi hapo lina maana yake, na usimwambie anajifanya. Hofu inauma tumbo kwelikweli.

Sasa kama ana ugonjwa. Sijamwona na mimi si daktari, ila uliyoyaandika hayanitishi. Umeuliza inakuwaje mtoto anacheza harusini halafu mpira unampita. Ni stadi mbili tofauti. Akiruka kamba au kucheza muziki, mapigo anayo mwenyewe mwilini, anajua mguu utatua lini. Kwenye kudaka, kitu kinakuja kwa kasi ambayo hakuichagua, macho yanatakiwa yakisie kitafika wapi na lini, na mikono iwe imeshafika hapo kabla. Mtoto anaweza kuwa mwepesi kwenye mojawapo na mgeni kabisa kwenye nyingine. Na hizi za kurusha, kudaka, kudunda na kupiga teke haziji kwa umri peke yake. Baba yake anasema atakua. Atakua kweli, lakini hakuna mzazi anayesema mtoto aachwe tu, akikua atajikuta anajua kusoma.

Wewe ulijulia wapi? Magomeni, kwenye rede. Wawili pembeni wanarusha, wa katikati anakwepa huku anajaza mchanga kwenye chupa, na mpira wenyewe wa matambaa. Jioni moja ulikuwa unarusha, unadaka na kukwepa mara zisizohesabika, umezungukwa na wasichana wakubwa wanaokuonyesha bila kujua kuwa wanakufundisha. Hakuna mtu aliyeita somo. Mwanao amekulia ndani ya geti, na mtaa uliokufundisha wewe yeye hana. Ndiyo maana siku hizi shule ina mzigo mkubwa kuliko zamani katika jambo hili, sio mdogo.

Kuna sehemu ya barua yako niliisoma mara mbili. Kalamu na kijiko alikuwa akishika kwa kushoto mpaka bibi alipomrudisha. Je, mpira anarusha kwa mkono gani? Hukusema. Karibu mtu mmoja kati ya kumi ni wa kushoto, na mtoto wa kushoto aliyezoeshwa kulia anaweza kuwa anatupa vitu kwa mkono ambao si wake, mpira ukaishia miguuni kama ulivyoeleza. Fanya hivi: weka mpira mdogo sakafuni, katikati ya miguu yake, mwambie autupie kwenye ndoo hatua tatu mbele. Usimwambie mkono gani, na bibi asiwepo. Rudia siku nyingine, na nyingine. Mkono unaokwenda wenyewe kwenye mpira ndio wa kurushia.

Kwa mama mkwe uende na adabu, maana anatetea kitu anachokiamini, na kwetu kula kwa kulia si jambo dogo. Mwambie, "Mama, kula na kupokea vitu aendelee kwa kulia kama ulivyomfundisha, lakini kwenye mpira tumwache atumie mkono alioumbiwa." Sijaona bibi wa kukataa hilo akiombwa vizuri. Kalamu nayo mwekee katikati ya meza achague mwenyewe. Akichukua kwa kulia mwache na kulia kwake, usimgeuze kwa nguvu mara ya pili.

Hapohapo nikujibu la mwandiko. Rede haitaunyoosha. Anayesema michezo inaleta mwandiko mzuri anaahidi kupita kiasi: vidole vinajifunza kazi vinayoifanya, na kazi ya mwandiko ni kuandika. Mpe mistari michache kwa siku, miguu ikiwa imekanyaga chini na daftari halitelezi. Mdako unaweza kumchangamsha vidole na macho, kurusha kijiwe juu, kukomba vingine shimoni, kukidaka kilekile kikishuka. Lakini mpe mdako kwa sababu ni mtamu.

Macho yake yalishapimwa? Kama bado, fanya hilo kabla ya lolote ninalokueleza hapa chini. Mtoto asiyeona vizuri hasemi haoni, anadhani dunia iko hivyo kwa wote. Hospitali ya Amana haiko mbali na kwenu, waulize kliniki ya macho.

Haya, nyumbani. Dakika kumi zinatosha, wewe ukifika, kabla hajaoga. Kaka yake kwanza mwondoe, kijana wa miaka kumi na miwili anarusha ili ashinde. Atarudi baadaye akishafundishwa kurusha chini ya mkono.

Anza bila mpira. Chukua mtandio mwepesi, urushe juu korido, aukamate kabla haujagusa chini. Mtandio unashuka polepole, macho yanapata muda wa kuufuata, na ukimgusa usoni hauumi. (Zamani tungetumia mfuko wa nailoni, ulikuwa unaelea vizuri sana, ila tangu Juni 2019 umepigwa marufuku na sina hamu ya kumtetea mtu mahakamani.) Aukamate kwa mikono miwili, kisha mmoja, kisha apige kofi moja kabla ya kuukamata. Baada ya hapo puto, halihitaji maelezo, watoto hucheka wenyewe.

Halafu ndipo uje mpira, na uwe wa soksi. Soksi ya zamani jaza matambaa mpaka ishibe, funga fundo, geuza kipande kilichobaki kiufunike mpira, shona mdomo. Faida yake kubwa haurudi: ukitua kiganjani unakaa, ilhali ule wa plastiki unadunda na kutoroka kabla vidole havijafunga. Kaeni chini mkekani, mmetazamana, magoti yenu yanakaribia kugusana. Ndiyo, karibu hivyo. Unamrushia chini ya mkono, taratibu, uelekee tumboni, kamwe usielekee uso. Kugeuza uso na kufumba macho ndivyo wanavyodaka watoto wadogo wengi, mwanao amebaki hapo kwa sababu mpira wa kaka umemfundisha kuogopa. Mpira wa soksi tumboni hauumi, na baada ya siku kadhaa utaona shingo imeacha kugeuka.

Kwanza ataukumbatia kwa mikono yote kifuani. Acha, hiyo ni hatua. Unachotafuta baadaye ni viganja viufikie mpira kabla ya kifua, na viwiko vikunjwe kuupokea. Mwambie maneno mafupi ya kufanya: "macho kwenye mpira", "mikono mbele", "uvute". Neno "kuwa makini" liache, halimwambii mtoto afanye nini na mikono yake. Akidaka mara tano mfululizo, sogea nyuma kiganja kimoja. Akikosa mara tatu, rudi. Siku mtakapofika kusimama hatua nne mkirushiana bila kuongea, mwite kaka.

Kurusha ni kwepesi zaidi kufundisha. Watoto wengi wasiofundishwa hupeleka mbele mguu wa upande uleule wa mkono unaorusha, mwili unakosa kuzunguka, nguvu inaishia begani. Chora nyayo moja kwa chaki pale kwenye pevingi, akanyage kwa mguu wa upande wa pili anaporusha. Akirusha kwa kushoto, mguu wa kulia ndio wa chaki. Mpe ukuta aulenge kwa nguvu zake zote. Kulenga shabaha ndogo kuje baadaye, kwanza mkono ufunguke.

Sasa shule. Usiandike kwenye grupu, huko utazua ligi. Mwandikie mwalimu pembeni, kitu kama hiki:

"Mwalimu, habari za kazi. Fomu ya michezo sijasaini, naomba mwanangu aendelee na kipindi. Ninaomba pia, kama itawezekana, watoto warushiane wawiliwawili badala ya mstari mmoja, na anayekosa aendelee kucheza. Mipira ishirini ya soksi nitaileta mimi Jumatatu. Asante sana, Mwalimu."

Ishirini si mingi. Fundi cherehani yeyote hapo Tabata ana kiroba cha mabaki ya vitambaa anachotafuta wa kumpa, na wapo akina mama wawili watatu kwenye grupu lenu waliosaini kwa sababu walidhani ni lazima. Mwalimu huyo huenda si mbaya: kapewa watoto arobaini, jua la saa saba, mpira mmoja na pengine hakuwahi kuonyeshwa njia nyingine. Ukimpelekea mipira umemwondolea sababu. Kwa watoto wawili mpira mmoja, hata kila mtoto akidaka mara moja tu kwa sekunde ishirini, dakika kumi ni mara thelathini. Linganisha na ile moja. Tena hakuna anayetazamwa, kila mtu ana shughuli na mwenzake, na maneno ya mikono iliyotoboka yanakosa hadhira. Ukipata nafasi muulize pia kama kipindi kinaweza kuhamia asubuhi, au angalau kivulini.

Shule nyingi zikisikia michezo zinawaza UMITASHUMTA, yale mashindano ya shule za msingi: nani anakimbia, nani anafunga, tumpeleke kwenye mashindano. Sina ugomvi na mashindano, nimeongoza timu nyingi. Lakini timu ni watoto kumi na kitu walioiva tayari. Kipindi cha darasani ni cha wale thelathini waliobaki, na mwalimu anayetumia Ijumaa kunoa timu amewaibia.

Nimalizie na hospitali, ili usibaki na wasiwasi. Wako watoto wenye akili timamu na misuli mizima ambao stadi za mwili zinawagomea hata wakifundishwa vizuri. Makadirio ni watoto 5 hadi 6 kati ya 100 wa umri wa shule, wavulana zaidi ya wasichana, kwa hiyo darasa kama la mwanao linaweza kuwa na wawili. Hawa shida haiishii kwenye mpira: vifungo vya shati, kamba za viatu, kumwagamwaga chakula, kujikwaa mahali pasipo na kitu, yote kwa pamoja na kwa muda mrefu. Wanasaidika kwa fiziotherapia na tiba kazi (ya kumzoesha mtoto shughuli za kila siku kama kuvaa na kuandika), kwa kuvunjiwa kila kazi vipande vidogo na kuirudia. Mtoto anayeruka kamba vizuri simweki haraka kwenye kundi hilo. Ila muhula mzima ukipita mkifanya haya, macho yamepimwa, mkono umechaguliwa, na bado hakuna kilichosogea, mpeleke.

Na usisubiri muhula wowote ukiona haya: kitu alichokuwa akiweza amekisahau, upande mmoja wa mwili ni dhaifu kuliko mwingine, anaanguka mara kwa mara, au akitaka kuinuka sakafuni anajisukuma kwa mikono kwenye mapaja. Hapo ni hospitali wiki hiyohiyo. Ukifika kwa daktari usiseme "mwanangu mzembe" wala "hawezi michezo", mweleze vitendo: anafunga vifungo au hafungi, anapanda ngazi vipi, alianza kuanguka lini. Kama unaweza, mrekodi kwa simu nusu dakika akikimbia na nusu dakika akiinuka chini, maana watoto wakiingia chumba cha daktari ghafla wanaweza kila kitu.